Tanuri Likizimwa

Pongwe, karibu na mji wa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwapo watu waliokuwa wakiombea tanuri la saruji lizimwe. Si kwamba walikitakia kiwanda mabaya. Tanuri lilipokuwa linawaka, kiwanda kile, kikubwa kuliko kitu chochote tulichopata kukiona, hakikuwa na haja ya mtu wa kuongezwa. Waliokuwa ndani walikuwa ndani. Sisi wengine tulikaa nje ya geti, chini ya mwembe, na kahawa ya mkopo. Likizimwa, geti lilifunguka. Matofali ya ndani ya tanuri yalibomolewa kwa mikono, kifusi kikatolewa kwa mikono, matofali mapya yakapokezanwa kwa mikono, na kwa muda huo mfupi pesa ilitembea mpaka kwa mama muuza mihogo. Tanuri likiwashwa, vibarua walilipwa, wakashukuriwa, geti likafungwa.

Baadaye nililikuta jambo hili kwenye vitabu vya wachumi, wakiandika habari za viwanda vinavyotegemea mtaji kuliko nguvu kazi. Wanaliandika vizuri, lakini sikuona pahali ambapo wamemtaja mama muuza mihogo.

Mimi nimekulia kwenye mkonge. Baba alitoka Kasulu miaka ya 1950, wakati ofisi ya kuajiri watu wa mashamba, SILABU, ilipokuwa ikikusanya vijana kutoka Kigoma, Songea na hata Ruanda-Urundi na kuwaleta kwa treni na malori. Waliitwa manamba, na jina hilo walilibeba mpaka uzeeni, wengine kwa uchungu, baba kwa namna ya majigambo. Wenyeji wa Tanga, Wabondei na Wadigo na Wasambaa, kazi ya kukata mkonge waliikwepa. Walikuwa na minazi yao na michungwa yao, na hawakuona sababu ya kuchomwa na miba ya mtu mwingine. Baba alipomwoa mama, binti wa Kibondei wa Muheza, upande wa ukeni walisema waziwazi kwamba wamemtoa binti kwa mtu wa kambini. Walikuja kusamehe. Mjomba, kaka yake mama, yeye alisamehe lakini hakuacha kutania.

Kambini maisha yalikwenda kwa kipande. Kadi ile ilikuwa na nafasi za siku thelathini, na siku haikuandikwa mpaka umalize kazi uliyopimiwa: mizigo kadhaa, kila mzigo majani thelathini, umeyakata, umeondoa mwiba wa ncha, umefunga, umepanga kando ya reli ndogo. Mwenye mkono mwepesi alimaliza kabla jua halijawa kali akarudi nyumbani. Aliyeshindwa alirudi kesho kuimalizia siku ya jana. Majani yalipanda toroli mpaka kwenye korona, mashine ya kukamua na kutoa singa. Wanawake wakaanika singa kwenye nyaya, zikapita kwenye brashi, zikafungwa marobota. Meneja akitaka singa zaidi, aliongeza watu. Korona ikigoma asubuhi, nyapara aliwageuza wakataji wakaenda kupalilia, na kutwa haikupotea. Miaka ya kupata uhuru mashamba ya mkonge nchini yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki moja, na mwaka 1964, ambao ulikuwa kilele chake, mkonge uliotoka ulizidi tani 200,000.

Kisha zikaja kamba za plastiki. Bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na nilipofika sekondari nusu ya nyumba za kambini kwetu zilikuwa tupu, mbuzi wanalala ndani.

Ndipo vipande vya tanuri vilipopita barabarani. Vilikuwa juu ya matrela yenye magurudumu tuliyojaribu kuyahesabu tukashindwa: mapipa ya chuma nene, ambayo mtu mrefu angesimama ndani yake na mwingine akasimama mabegani mwake. Fedha na ufundi vilitoka Denmark. Serikali ilikuwa kwenye mkakati wa viwanda mama, yaani viwanda vya kuzalisha vitu ambavyo viwanda vingine na ujenzi wote vitavitegemea: chuma, mbolea, karatasi, saruji. Kwa saruji nchi ilikuwa na kiwanda kimoja tu, cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1966. Pongwe ilikuwa na mawe ya chokaa chini ya miguu yetu, reli ya Moshi inapita kando, na bandari iko karibu.

Wazee wa kambini walipiga hesabu waliyoizoea. Kama shamba lenye korona moja linataka watu elfu moja, kitu kikubwa namna hii kitataka wangapi? Baba alisema elfu kumi. Mzee mmoja wa Kingoni alimkatalia, akasema elfu ishirini, na kwamba mji wa Tanga utahama wenyewe kuja Pongwe. Mjomba peke yake alinyamaza. Alikuwa amesomea umeme Ifunda, amekwisha kuandikishwa kazi, na nadhani alikuwa ameshaiona michoro.

Kiwanda kilianza mwaka 1980 kikiwa na uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka. Tani ya saruji si tani ya singa, wala sisemi zilinganishwe kwa bei. Lakini kwa mtoto wa kambini hesabu hiyo haikukwepeka. Uzito huo ni zaidi ya mara mbili ya mkonge wote uliopata kutolewa na nchi nzima kwa mwaka mmoja, pamoja na watu wake laki moja. Na waliohitajika Pongwe walikuwa mamia tu, na geti liliuliza vyeti.

Baba alikwenda kuuliza kazi siku moja tu. Aliporudi hakueleza kilichotokea, akachukua panga lake akalinoa, na kesho yake alfajiri alikuwa shambani.

Mjomba alihamia nyumba za wafanyakazi, na likizo zangu nikawa nashinda kwake. Ndiye aliyenifundisha saruji inavyozaliwa, akichora kwa kijiti mchangani. Mawe ya chokaa yanapasuliwa kwa baruti kwenye machimbo, yanasagwa, yanachanganywa na udongo wenye mfinyanzi na chuma kidogo, yanasagwa tena mpaka yawe unga. Unga unaingia juu ya mnara, unateremka huku ukikutana na hewa ya moto inayopanda, halafu unaingia kwenye tanuri. Tanuri ni bomba, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira kwa urefu, limelala likiwa limeinama kidogo, linazunguka polepole mchana na usiku. Upande wa chini kuna mwali, wakati huo wa mafuta mazito. Unga unateremka kuufuata mwali, na ukifika nyuzi 1,450 unaanza kuyeyuka na kushikana, unatoka upande wa pili ukiwa kokoto za kijivu cheusi. Hiyo ndiyo klinka. Inapozwa, inasagwa pamoja na jasi kidogo ndani ya pipa lenye gololi za chuma, na kilichotoka kinaingia kwenye mfuko wa kilo 50. Umeme peke yake, alisema, ni kama yuniti mia moja kwa kila tani. Wakati huo nyumba ya mjomba, na taa zake zote na redio, ilikuwa haifiki huko kwa mwezi.

Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Nilipopelekwa kukiona nilivunjika moyo. Nilitegemea kuona watu wanatokwa jasho, nikakuta chumba chenye feni, ukuta mzima wa saa na vitaa vya rangi, na watu wawili wamekaa kwenye viti. Mmoja anaandika kwenye daftari. Mjomba anatazama. Nje, tanuri lenye thamani ya mashamba yote ya Pongwe linazunguka, na mtu anayelisimamia anakunywa chai.

Baba alipoelezwa, alicheka mpaka akakohoa. “Shemeji, wewe unalipwa kwa kutazama?”

“Nalipwa kwa dakika moja, shemeji,” mjomba akajibu. “Hizo nyingine zote naisubiri hiyo moja.”

Dakika hiyo nilikuja kuelezwa baadaye. Umeme ukikatika, mwali unazima, na bomba lile lote likiwa jekundu kwa ndani linasimama. Chuma cha moto kilicholala kwenye nguzo zake kikiachwa bila kuzungushwa kinajipinda kwa uzito wake, na kikishajipinda hakinyooki kwa maombi. Kwa hiyo kuna injini ndogo ya dizeli, ambayo kazi yake ulimwenguni ni moja: iwake wakati huo huo, ilizungushe tanuri taratibu mpaka lipoe au umeme urudi. Inaweza kukaa miezi bila kufanya lolote. Lakini inapigwa mafuta, inasafishwa, inawashwa kwa majaribio, na kuna mtu anayelipwa mshahara kwa ajili yake. Kwa baba hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko mwali wenyewe. Kambini mtu au mashine isiyofanya kazi leo haikuandikiwa siku.

Na tanuri halikuijua sikukuu. Mkonge ulikuwa na Jumapili, ulikuwa na Idd, ulikuwa na msiba. Majani hayanyauki kwa siku moja. Mjomba alikuwa na zamu: asubuhi, jioni, usiku, wiki kwa wiki. Idd moja alikuja Muheza saa tisa alasiri, watu wamekwisha kula, amevaa kanzu juu ya suruali ya kazi, akala pilau ya sufuriani akasinzia na tonge mkononi. Mama alilia kidogo. Kwa watu wa mkonge, mtu aliyekuwa na kazi nzuri alijulikana kwa kupata muda. Huyu alikuwa na kazi nzuri kuliko sote, na muda wake ulikuwa mali ya bomba.

Mjomba hakuwahi kuona kwamba ameonewa. Alisema kulizima tanuri na kuliwasha tena ni mafuta mazito mengi yanayoungua kabla halijatoa hata mfuko mmoja, na matofali ya ndani hayapendi kupoa na kupata moto ovyo, yanapasuka. Fedha iliyojenga kitu kile, alisema, inadaiwa usiku na mchana, kwa hiyo nacho lazima kifanye kazi usiku na mchana. Mtu asiye na kazi anaweza kwenda kulima bustani. Tanuri likikosa kazi linabaki deni tu.

Matofali hayo ndiyo yaliyonipa mimi kazi. Ndani ya lile bomba la chuma kuna ukuta wa matofali ya kuzuia moto, uliozunguka pande zote, maana chuma kitupu hakiwezi kuvumilia mwali ule. Tofali likidondoka, usiku utaona doa jekundu kwenye ganda la tanuri ukiwa barabarani. Ukuta huo unalika, na ukishalika inabidi tanuri lizimwe, lipoe, ubomolewe, ujengwe upya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina la kufanya, nikawa miongoni mwa waliokaa chini ya mwembe. Jina langu lilipoitwa, baba alinipa viatu vyake vya shambani.

Kuingia ndani ya tanuri lililopoa si kuingia mahali pa baridi. Joto linakaa kwenye ukuta kwa siku kadhaa, linakupanda miguuni. Taa zilining’inizwa kwa waya, nasi tulijifunga vitambaa puani, na mbele mafundi wanabomoa kwa nyundo za upepo, mlio ukirudi kwenye chuma mpaka huwezi kujisikia unapiga kelele. Sisi tulizoa kifusi kwa mabeleshi na mikokoteni. Kisha matofali mapya yalikuja, yamekatwa upande mmoja mpana na mwingine mwembamba ili yashikane kwa duara, yametoka Ulaya kwenye makreti ya mbao safi. Tulijipanga mstari mmoja kutoka nje hadi ndani, tukayapokezana. Fundi aliyapanga chini, akapanda nayo ubavuni, mpaka juu kabisa ambako tofali la mwisho liligongwa kwa nyundo ya mbao, na duara lote likakaza, likajishikilia lenyewe bila mtu wala udongo. Sijaona kazi ya mikono nzuri kama ile tena. Mbao za makreti zilitoka getini kwa ruhusa, na nyumba nyingi za Pongwe zikapata milango yenye maandishi ya Kizungu.

Kwa hiyo tulikuwa pande mbili za geti, na kila upande uliomba kinyume cha mwenzake. Kwa mjomba siku tanuri limezimwa ilikuwa hasara: mtaji umelala, riba inaendelea. Kwetu ilikuwa mshahara. Katika mkonge maslahi ya meneja na ya kibarua yalipigana kwenye bei ya siku; hawakupata kutofautiana juu ya kama kazi iwepo au isiwepo.

Sehemu moja ya kiwanda ilibaki na sura ya mkonge, nayo ni upakiaji. Mashine ilijaza mifuko, lakini kutoka hapo hadi juu ya lori au behewa mifuko ilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Walilipwa kwa tani. Walitoka pale weupe kope, wakaoga mtoni, wakaimba. Baba aliwaheshimu hao tu. “Hawa ndio wafanyakazi,” alisema. “Wengine ni walinzi wa saa.”

Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya nguvu kazi, na Waziri Mkuu Sokoine akawa mbele. Kila mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi alitakiwa awe nayo, na mijini wasio na vitambulisho vya kazi walikamatwa wakapelekwa vijijini na mashambani. Pale mwembeni tulikimbia zaidi ya mara moja. Nilikuwa kijana, niliona ni usumbufu wa polisi. Leo nikiitazama miaka ile naona kitu kingine. Nchi ile ile iliyokuwa ikikopa kununua mitambo isiyohitaji watu, ilikuwa ikiwafukuza watu barabarani kwa kukosa kazi. Na shuleni tulikuwa tumekaririshwa Azimio la Arusha, lililoonya kwamba fedha si msingi wa maendeleo, msingi ni watu na juhudi zao. Sidhani walioandika Azimio na waliopanga viwanda mama walikuwa watu tofauti. Nadhani walikutana na jambo ambalo juhudi haitoshi: huwezi kuwapanga watu elfu kumi wakapata nyuzi 1,450 kwa kupuliza.

Hilo nasema kwa saruji. Kwa vingine sina uhakika kwamba bomba lilikuwa la lazima. Mjini Tanga tulikuwa na kiwanda cha mbolea kilichoanza mwaka 1972, kwa ushirika na Wajerumani wa Magharibi. Mwanzoni fosfeti yake ilikuja kwa meli, salfa ikaja kwa meli, amonia ikaja kwa meli. Kwenye saruji angalau mawe yalikuwa yetu. Kiwanda ambacho mtambo ni wa kigeni, malighafi ya kigeni na wafanyakazi wachache, sijui kilichobaki cha kwetu pale ni nini zaidi ya kiwanja na moshi. Kilikuja kufungwa.

Mwishowe nilipata ajira ya kudumu, ukarani wa ghala la vipuri, katika kiwanda ambacho sina haja ya kukitaja. Pale ndipo nilipouelewa mtaji. Ghala lilikuwa refu, lina baridi, linanuka grisi. Kulikuwa na beringi zilizofungwa kwa karatasi ya mafuta, kila moja kwenye sanduku lake, nyingine kubwa kiasi cha kuhitaji winchi. Kulikuwa na gia iliyokaa tangu kiwanda kifunguliwe na haijapata kuguswa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba vitu visivyotumika vipo. Nilimweleza baba bei ya beringi moja, na nikamgeuzia kwa siku za kipande. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza kama nina hakika. Kisha akasema, “Kwa hiyo mmefungia kambi nzima ndani ya sanduku.”

Sikuwa na la kumjibu. Ningemweleza kwamba sanduku hilo lisipokuwepo siku linapohitajika, kila mtu kiwandani anakwenda nyumbani. Alilijua. Kilichomkera ni kwamba sanduku lilitunzwa vizuri kuliko kambi ilivyotunzwa wakati wowote, paa halivuji, mlinzi usiku kucha.

Vipuri hivyo havikununuliwa kwa shilingi. Vilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilitoka Benki Kuu kwa foleni, baada ya mafuta, baada ya dawa, baada ya chakula cha miaka ya ukame. Miaka ile viwanda vingi nchini vilifanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, si kwa uvivu wa mtu, bali kwa kukosa kitu kimoja kidogo kilichotoka mbali. Hapo mkonge ulikuwa na nguvu ambayo sisi wenye vyeti hatukuwa nayo. Baba panga likivunjika alinunua jingine Muheza.

Saruji ikawa adimu. Tume ya Bei ilipanga bei ya mfuko, na mfuko ukawa haupatikani kwa bei hiyo isipokuwa kwa kibali. Watu wenye kibali walipata saruji, na wenye saruji waligundua kwamba kibali kinauzika. Kisha Juni 1986 shilingi ikashushwa, dola ikapanda kutoka shilingi 17 hadi 40, na mwisho wa mwaka 1989 ilikuwa kama 190. Niliyaona matokeo yake kwenye vitabu vya ghala kabla sijayasikia redioni. Beringi ile ile, katika sanduku lile lile, juu ya rafu ile ile, iliongezeka bei kila tulipoagiza nyingine kama yake. Kiwanda kilichokopa kwa fedha za kigeni kilijikuta kinadaiwa zaidi bila kukopa tena hata senti. Shamba la mkonge lilifurahia kidogo, maana liliuza nje. Baba alinunua redio.

Alianza pia kujenga Muheza, kwenye kiwanja cha ukeni, na hapo mabishano yake na mjomba yakapata makao. Mjomba alimletea mifuko kwa kibali halali cha mfanyakazi. Wakati wa kumwaga msingi, baba alihesabu waliopo: fundi, wasaidizi wake wawili, wasomba mchanga, mwenye mkokoteni wa maji, mama ntilie, dereva aliyeleta kokoto na utingo wake. Mjomba alimwambia kwamba watu wote hao ni wafanyakazi wa tanuri, ila hawapiti getini. Baba akakataa katakata. Alisema hawa ni wafanyakazi wake, anawalipa yeye, na kama tanuri linawataka lije liwalipe. Waliendelea hivyo mpaka magharibi, na zege ilikuwa inakauka.

Mjomba alikuwa na hoja, hata kama nilimuunga mkono baba kwa heshima. Ukitafuta ajira ya saruji kwenye kiwanda cha saruji utakosa. Iko mwisho wa barabara, kwa mtu mwenye koleo. Lakini baba naye hakuwa mjinga. Fundi wa Muheza hakuwa na zamu, hakuwa na nyumba ya kampuni, hakuwa na matibabu, na mvua ikinyesha hakula. Mkonge, pamoja na dhuluma zake zote, ulimpa manamba nyumba, hata kama ya hovyo, na siku yake iliandikwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 niliacha ukarani nikaanza kufyatua matofali ya saruji karibu na barabara kuu. Katikati ya miaka hiyo viwanda vya umma vilikuwa vikibinafsishwa, na Pongwe wakaingia Waswisi wa Holderbank. Vibali vikawa hadithi, na mfuko ukapatikana kwa yeyote mwenye pesa. Biashara yangu ilikuwa ya mkonge kabisa: kalibu za mbao, mabeleshi, mapipa ya maji, vijana sita. Nikitaka matofali zaidi naongeza kijana. Mfuko mmoja kwa mtu mwaminifu unatoa matofali thelathini na ushee ya inchi sita. Asiye mwaminifu anafika hamsini, na ukiegemea ukuta wake unabaki na mchanga mgongoni. Baba alikuja mara nyingi, amestaafu, anakaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, anawasimamia vijana ambao hakuna aliyemwomba awasimamie. Aliwapimia kazi kwa siku. Akimaliza mtu kabla ya adhuhuri alimwachia aende, na mimi nikiuliza alinitazama kama kwamba mimi ndiye mgeni pale.

Mwaka 1998 alikuja muuzaji kutoka Dar es Salaam na picha za mashine ya mota, inayotikisa zege ndani ya kalibu za chuma. Watu wawili wangetoa kwa siku kile ambacho vijana sita walikitoa kwa siku mbili, na matofali magumu zaidi, yaliyonyooka. Bei yake ilikuwa akiba yangu yote na mkopo juu. Nilikaa na karatasi usiku nikaandika kama nilivyofundishwa ghalani: bei, riba, umeme, beringi ya akiba. Ili ilipe ilibidi ifanye kazi kila siku, na nipate soko la kila siku. Baba aliiangalia picha akauliza swali moja, “Na hao wanne?”

Niliinunua. Wawili walibaki kwenye mashine, wawili niliwahamishia kwenye kupakia lori, na wawili niliwalipa wakaondoka. Mmoja wa hao walioondoka, yule aliyekuwa mwepesi kuliko wote na aliyependwa sana na baba, alizunguka kwa mafundi miaka mitatu au minne, akakopa, akanunua mashine kama yangu, akaifunga Majani Mapana, Tanga mjini. Anauza kwa bei ya chini kuliko mimi. Ana mtu mmoja tu wa kumsaidia.